Mashimo kila mita 40, bloki za mita 10: njia ipi ya kukadiria dhahabu itakayochimbika?

Msomaji wetu, mjiolojia katika mgodi wa wazi wa dhahabu Kanda ya Ziwa, anauliza:

"Mashimo yetu ya uchorongaji yako kwenye gridi ya mita 40 kwa 40. Modeli tumeikata bloki za mita 10 kwa 10 kwa 5, kwa sababu ndicho kipande ambacho eksaveta inaweza kukitenga, na tumekadiria kwa krigingi ya kawaida. Ukomo wetu ni gramu 1 kwa tani. Kila robo mwaka watu wa udhibiti wa mbale wanapata tani chache kuliko modeli, lakini zenye kiwango cha juu zaidi. Meneja anasema krigingi haifai. Mshauri mmoja anapendekeza MIK, wa pili UC, wa tatu anataka tufanye uigaji. Nichague ipi, na meneja nimweleze nini?"

Kwa wasomaji wageni: mbale ni mwamba wenye dhahabu ya kutosha kulipa, magwangala ni usiolipa, na ukomo ni kiwango kinachovitenganisha. Udhibiti wa mbale ni kazi ya kuvitenga wakati wa kuchimba, kwa mashimo yaliyo karibu zaidi. Krigingi ni kukadiria kiwango cha bloki kwa kupima uzito wa sampuli za jirani. UC (uniform conditioning) na MIK (multiple indicator kriging) hukadiria sehemu ya mwamba itakayovuka ukomo, na uigaji ni kutengeneza picha nyingi zinazowezekana za mashapo.

Ndugu, nitatoa jibu kwanza, sababu zifuate. Kwa data mliyo nayo leo, ondoa krigingi kwenye bloki za mita 10 uipeleke kwenye paneli kubwa, mita 40 kwa 40 kwa 5. Kisha ndani ya kila paneli tumia UC kukadiria ni sehemu gani ya tani itavuka ukomo, na kwa kiwango gani. Ikiwa kipimo nitakachokueleza mbele kitaonyesha kwamba dhahabu yenu inaruka ghafla kutoka juu hadi chini bila kupita katikati, MIK itakufaa zaidi. Uigaji uweke kwa ajili ya maswali ya hatari. Krigingi ya kawaida kwenye bloki ndogo utairudia mashimo ya udhibiti wa mbale yakishachorongwa, na hapo itafanya kazi nzuri.

Washauri wako watatu hawapingani kama inavyoonekana. Kila mmoja anajibu swali lake, na swali la kwanza kabisa halijaulizwa: uamuzi wa kwamba hii ni mbale na hii ni magwangala utafanyika kwenye kipande cha ukubwa gani, na siku ya uamuzi huo mtakuwa na taarifa kiasi gani? Ukishajibu hilo, orodha ya njia inafupika yenyewe.

Twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo meneja ataelewa. Paneli moja ya mita 40 kwa 40 kwa 5, kwenye mwamba mgumu wenye tani 2.7 kwa mita ya ujazo, ina tani 21,600. Ndani yake mna bloki 16 za saizi ya uchimbaji wenu, kila moja tani 1,350. Chukua paneli mbili: ya kwanza ina wastani wa gramu 0.9 kwa tani, ya pili gramu 1.2. Kwa umbali wa mashimo mlio nao, krigingi itazipa bloki zote 16 za paneli moja namba zinazokaribiana sana na wastani wa paneli, kwa sababu zote zinasomwa kutoka mashimo yale yale ya pembeni. Modeli itasema paneli ya kwanza yote ni magwangala na ya pili yote ni mbale. Utaandika tani 21,600 za gramu 1.20, sawa na kilo 25.9 za dhahabu.

Sasa tuseme bloki halisi ndani ya kila paneli zinatawanyika kwa mgawanyo wa lognomali (nyingi za chini, chache za juu sana), na mchepuko wake, yaani tofauti ya kawaida kutoka kwenye wastani, ni asilimia 80 ya wastani, jambo lisilo la ajabu kwenye dhahabu. Katika paneli ya kwanza asilimia 31 ya tani, yaani bloki kama 5 kati ya 16, zinavuka ukomo zikiwa na gramu 1.70, na zimebeba asilimia 58 ya dhahabu yote ya paneli ile. Katika paneli ya pili zinavuka asilimia 46 tu, zenye gramu 1.89. Ukijumlisha unapata tani zipatazo 16,650 za gramu 1.81, kilo 30.2 za dhahabu. Tani zimepungua karibu robo, kiwango kimepanda kwa nusu, dhahabu imeongezeka kilo 4 na ushee. Wastani wa kila paneli haukuguswa. Tumeruhusu tu bloki zitofautiane, kama zinavyotofautiana mgodini.

Hizi ni namba za mfano, lakini umbo lake ndilo unaloliona kila robo mwaka: tani chache, kiwango cha juu. Krigingi haijaharibika. Inafanya kazi iliyoundiwa, yaani kutoa kadirio moja kwa kila bloki ambalo kwa wastani liko karibu zaidi na ukweli. Gharama ya kazi hiyo ni kulainisha. Data ikiwa mbali, kadirio linarudi kwenye wastani wa mtaa wake, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Kosa liliingia pale mlipochukua makadirio yaliyolainishwa, mkayapitisha kwenye ukomo, mkahesabu tani kana kwamba mtawanyiko wa makadirio ni mtawanyiko wa bloki halisi.

Kuna watu ambao wakishaona hivyo hukimbilia upande wa pili, na huko ni kubaya zaidi. Wanachukua histogramu ya sampuli na kuhesabu asilimia iliyovuka ukomo. Tuseme sampuli zenu zina mchepuko wa asilimia 200 ya wastani. Paneli ile ile ya gramu 0.9 sasa itadai kutoa asilimia 24 ya tani zenye gramu 2.7, na asilimia 71 ya dhahabu yote. Inapendeza kwenye karatasi, ila hakuna mashine duniani inayochimba kwa saizi ya sampuli. Mita moja ya shimo la RC (reverse circulation, uchorongaji unaotoa mwamba ukiwa umesagwa) lenye kipenyo cha milimita 140 inatoa kama kilo 42 za mwamba, maabara inayeyusha gramu 50 tu kati ya hizo, na kipande unachoamua kukipeleka kinuni au lunduni kina tani 1,350. Kijiko kimoja cha makande kinaweza kuwa maharage matupu. Sahani nzima haiwi hivyo. Kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo vya juu sana na vya chini sana vinavyochanganyika ndani yake na mtawanyiko unavyopungua. Kukadiria dhahabu itakayochimbika ni kutafuta mtawanyiko wa kipande cha katikati, kile cha tani 1,350: mdogo kuliko wa sampuli, mkubwa kuliko wa makadirio ya krigingi.

Jambo hili lilionekana kwanza kwenye dhahabu ya Afrika. Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini, alikuwa akichambua takwimu za migodi ya Witwatersrand, na mwaka 1951 alieleza kwa hesabu kitu ambacho wachimbaji walikuwa wakikiona: vipande vilivyokadiriwa kuwa tajiri kwa sampuli za pembeni vilitoka maskini kidogo vilipochimbwa, na vilivyokadiriwa kuwa maskini vilitoka nafuu. Georges Matheron wa Ufaransa akaichukua kazi hiyo, akaijengea nadharia katika miaka ya 1960, na njia yenyewe akaipa jina la Krige. Kutoka kwao tuna uhusiano mmoja ambao ningependa uuandike ukutani ofisini: mtawanyiko wa sampuli katika mashapo yote (ukipimwa kwa mraba wa mchepuko) ni sawa na mtawanyiko wa sampuli ndani ya bloki, jumlisha mtawanyiko wa bloki ndani ya mashapo. Sehemu ya kwanza inatoka kwenye variogramu, mchoro unaoonyesha jinsi sampuli zinavyozidi kutofautiana kadiri zinavyokuwa mbalimbali. Ukiijua, ya pili unaipata kwa kutoa.

Na hapa ndipo nina wasiwasi na mradi wenu kuliko mahali pengine popote. Sehemu ile ya kwanza, mtawanyiko ndani ya bloki, inaamuliwa na variogramu katika umbali usiozidi mita 15. Mashimo yenu yako mita 40. Kwenye mwelekeo wa shimo lenyewe mna sampuli kila mita, kwa hiyo nageti, yaani tofauti iliyopo hata kati ya sampuli zilizo karibu kabisa, mtaisoma vizuri. Lakini kwa mlalo, kati ya sifuri na mita 40 hamna kitu. Mnachora mstari kwa kuamini. Watu wawili waaminifu wanaweza kuuchora kwa namna mbili, mmoja akapata mchepuko wa bloki wa asilimia 60, mwingine asilimia 100, na kila njia ya kisasa utakayoitumia baadaye itarithi kauli hiyo bila kuuliza. Kabla hujanunua leseni ya programu yoyote, omba fedha ya kuchoronga msalaba mmoja au miwili ya mashimo yaliyo karibu, kila mita 5 au 10, mmoja ukifuata mwelekeo wa mshipa na mwingine ukiukata. Na kwa kuwa mna eneo lililokwisha kuchimbwa lenye data ya udhibiti wa mbale, huenda msalaba mnao tayari. Tumia data hiyo kujenga variogramu, mradi jiolojia ni ile ile.

Nageti nayo ina ujumbe. Sehemu yake inatoka kwenye dhahabu yenyewe, chembe kubwa zilizotawanyika, na sehemu nyingine inatoka kwenye uchukuaji wa sampuli: mgawanyo mbaya wa mfuko wa RC, vumbi lililopotea, sampuli yenye maji chini ya usawa wa maji ya ardhini. Pima kwa sampuli za marudio kabla hujailaumu jiolojia. Sehemu ya makosa ya sampuli haimo ndani ya mwamba, kwa hiyo ukiihesabu kama mtawanyiko wa kweli utaharibu hesabu ya bloki.

Haya, turudi kwenye kuchagua. Kipimo nilichoahidi ni hiki. Chukua viwango viwili, mfano gramu 0.5 na gramu 1.5. Kwa kila sampuli andika 1 kama inavuka na 0 kama haivuki, utapata viashiria viwili. Chora variogramu ya kiashiria cha chini, kisha variogramu mtambuka (inayopima jinsi vinavyobadilika pamoja) ya viashiria vyote viwili, halafu gawanya ya pili kwa ya kwanza kwa kila umbali. Uwiano ukibadilika taratibu umbali unapoongezeka, maana yake ukiingia kwenye eneo lenye dhahabu unapita kwanza kwenye kiwango cha kati ndipo ufike cha juu. Dhahabu inasambaa kama joto kutoka kiini kwenda nje, na modeli za Gauss (zinazojengwa juu ya mgawanyo wa umbo la kengele), UC ikiwemo, zinafaa. Uwiano ukibaki palepale kwa umbali wote, basi ukivuka mpaka unaweza kukuta kiwango cha juu mara moja, na mpaka wa mbale haukuambii lolote juu ya kiini kiko wapi. Hapo modeli ya kusambaa inadanganya, na MIK inaanza kuwa na haki. Fanya hivi kwa jozi kadhaa za viwango, moja haitoshi, na fanya ndani ya kila kanda ya kijiolojia peke yake.

Nimesema kila kanda peke yake, na nisisitize. Katika mikanda ya mawe ya kijani kuzunguka Ziwa Victoria, dhahabu nyingi imekaa kwenye kanda za mpasuko, mara nyingi pembeni au ndani ya miamba ya chuma yenye matabaka, na juu yake kuna tabaka la udongo uliooza kwa hali ya hewa. Tabaka hilo lina uzito mdogo sana kuliko mwamba mgumu wa chini, na dhahabu yake imehamishwa na kusambazwa upya. Ukiviweka pamoja, kipimo cha viashiria kitakuonyesha mpaka wa kuoza badala ya tabia ya dhahabu. Vilevile kuna maduara ya zamani, yaani mashimo ya kuchimbia ya wachimbaji wadogo. Wenzetu wale walifuata mshipa tajiri kwa macho na waliuondoa. Shimo lililochorongwa likapita pembeni mwa duara litakupa kiwango cha juu cha mwamba ambao jirani yake hayupo tena, na tofauti kati ya modeli na uchimbaji itakuja ambayo hakuna njia ya takwimu itakayoieleza. Pima maduara, yatoe kwenye modeli, ndipo ulinganishe.

UC inafanya kazi hivi. Kwanza histogramu ya sampuli, ikiwa imesahihishwa kwa ajili ya mashimo yaliyosongamana, inageuzwa kuwa ya Gauss. Kisha kutoka kwenye variogramu inapatikana ile namba inayosema bloki zitawanyike kiasi gani zikilinganishwa na sampuli. Mwisho, kwa kila paneli, inauliza: ikiwa wastani uliokadiriwa wa paneli hii ni gramu 0.9, bloki zilizo ndani yake zitakuwa na mgawanyo gani? Jibu linakuja kama tani, kiwango na dhahabu juu ya kila ukomo unaotaka. Nguvu yake kwenye mradi kama wenu ni kwamba imeegemea wastani wa paneli uliokadiriwa kwa krigingi ya kawaida, ambayo inafuata kupanda na kushuka kwa kiwango kutoka upande mmoja wa mgodi hadi mwingine. Udhaifu wake uko hapo hapo. Paneli ikikadiriwa vibaya, kila kitu ndani yake ni kibaya. Kwa hiyo kwenye paneli tumia sampuli za kutosha, usibane eneo la kutafuta sampuli, na angalia mteremko wa rigresheni (unaoonyesha kiwango halisi kinafuata kadirio kwa kiasi gani) wa kila paneli. Ukikaribia 1 uko salama, ukiwa 0.6 paneli hiyo haijawa tayari kwa hesabu ya aina hii na ni vema isiingie kwenye daraja la juu la rasilimali.

Kitu ambacho UC haikupi ni mahali. Inasema bloki 5 kati ya 16 ni mbale, haisemi ni zipi. Wapangaji wa mgodi hawapendi hilo, kwani programu zao zinataka namba moja kwa kila bloki. Marat Abzalov alipendekeza suluhisho mwaka 2006, ndilo linaloitwa LUC (localised uniform conditioning): bloki za ndani ya paneli hupangwa kwa mfuatano wa makadirio ya krigingi ya bloki ndogo, kisha mgawanyo wa UC unagawiwa kwao kwa mfuatano huo, tajiri zaidi inapata kiwango cha juu zaidi. Ni wazo zuri na ninalitumia. Lakini mfuatano ule una thamani pale tu ambapo data inaweza kuutambua. Kama uhusiano wa kiwango kwenye variogramu unakufa ndani ya mita 25, mashimo ya mita 40 hayajui bloki ipi ni tajiri, na LUC itakuchorea ramani nzuri ya kubahatisha. Itumie kupanga tani za mwaka. Usimruhusu mtu kuweka mstari wa kuchimba benchi kwa kuifuata.

MIK nayo inaenda kwa njia nyingine. Unachagua viwango kama kumi hadi kumi na tano, unakadiria kwa kila kimoja uwezekano wa kukivuka, unapata mgawanyo mzima bila kudai umbo la Gauss. Kwenye mashapo yaliyochanganyika, ambayo mjiolojia hawezi kuchora mipaka ya ndani, ni silaha nzuri, na Australia imetumika sana kwenye dhahabu. Mambo matatu yananifanya niwe mwangalifu nayo. Uwezekano uliokadiriwa kwa kila kiwango peke yake unaweza kupingana, ukaambiwa uwezekano wa kuvuka gramu 2 ni mkubwa kuliko wa kuvuka gramu 1, na programu inasahihisha kimyakimya. Angalia marekebisho hayo ni makubwa kiasi gani. Pili, mgawanyo unaopata ni wa sampuli, kwa hiyo bado unahitaji kuupunguza ufike saizi ya bloki, na kipunguzo hicho ni dhana ya ziada ambayo watu huisahau au huirekebisha mpaka majibu yaendane na walichotaka. Tatu, darasa la juu kabisa. Asilimia moja au mbili ya sampuli inaweza kubeba sehemu kubwa ya dhahabu, na ukichagua wastani wa darasa hilo badala ya mediani yake (thamani ya katikati), wakia zinabadilika sana. Chagua viwango kwa kuangalia dhahabu iliyomo kwenye kila darasa, si idadi ya sampuli peke yake, na mjadala wa darasa la juu uandikwe waziwazi.

Kuna pia njia ya mkato inayotumika kwenye migodi mingi: kubaki na krigingi ya kawaida kwenye bloki ndogo, lakini kuibana kwa sampuli chache sana, nne au sita, mpaka mtawanyiko wa makadirio ufanane na ule unaotarajiwa kwa bloki. Kwa jumla ya mashapo yote inaweza kutoa tani na kiwango kinachokaribia ukweli. Kwa bloki moja moja inaleta lile lile alilolieleza Krige: ulizoziita tajiri zitakuangusha, ulizozitupa zilikuwa na mbale. Kwa makadirio ya awali ya mradi mzima siipingi, ikisemwa wazi. Kwa mpango wa robo mwaka, hapana.

Uigaji ni kazi nzito zaidi na unajibu mengi. Unatengeneza picha nyingi za mashapo, mfano 50 au 100, kila moja ikiheshimu sampuli, histogramu na variogramu, kila moja ikiwa na ukali wa kweli badala ya ulaini. Unakusanya nukta ziwe bloki, unapitisha ukomo kwenye kila picha, na wastani wa matokeo ndio dhahabu itakayochimbika. Mtawanyiko wa matokeo ndio hatari yako. Ninashauri mfanye uigaji kwa maswali mawili. La kwanza: mkichoronga mita 20 badala ya 40, uhakika wa robo mwaka utaongezeka kiasi gani, na je unalipa gharama ya mashimo? La pili linahusu taarifa. Siku ya kuchimba hamtaijua bloki halisi, mtajua kadirio lake kutoka mashimo ya udhibiti wa mbale, na makosa yatakuwepo: mbale kidogo itaenda lunduni na magwangala kidogo yataenda kwenye krasha. Kwa uigaji unaweza kuchoronga mashimo ya kubuni ndani ya kila picha, ukakadiria, ukachagua, ukaona umepoteza nini. UC inaweza kuingiza athari hii pia, ila watu wengi huacha kisanduku hicho bila kukiweka alama, na hapo makadirio yao yanakuwa na matumaini kupita kiasi. Kosa ninalokuomba usilifanye ni kuchagua picha moja inayopendeza na kuiita modeli.

Hata njia bora haihesabu kila kitu. Baruti inasogeza mwamba, ndoo ya eksaveta haikati mstari ulionyooka, lori linakosea lundo. Hayo ni mchanganyiko wa uchimbaji na yanaingia baadaye. Kama sehemu ya mgodi wenu itageuka kuwa ya chini ya ardhi kwenye mshipa mwembamba, sahau mengi niliyosema: huko mnachimba upana wote wa mshipa, na kukadiria unene na unene mara kiwango kwenye bapa la mshipa kutawafaa zaidi.

Usichague kwa kusoma makala, hata hii. Nyinyi mna kitu ambacho miradi mingi inakitamani: eneo lililokwisha kuchimbwa lenye mashimo ya udhibiti wa mbale. Chukua benchi kadhaa za eneo hilo. Ficha data ya udhibiti, acha mashimo ya mita 40 peke yake. Endesha krigingi kama mlivyofanya, kisha UC kwenye paneli, kisha MIK, kila moja na mipangilio yake imeandikwa kabla hujaona majibu. Halafu fungua data iliyofichwa, kadiria bloki za mita 10 kwa mashimo ya karibu, na chora kwenye karatasi moja mistari ya tani na kiwango kwa ukomo wa 0.5, 0.8, 1.0, 1.5 na 2.0. Usiangalie ukomo wa 1.0 peke yake. Njia mbili zinaweza kukutana hapo kwa bahati na kuachana vibaya kwenye 1.5, na bei ya dhahabu ikibadilika ukomo wenu utahama. Linganisha kwa jumla ya eneo, kisha kwa kila benchi. Mwezi mmoja wa uchimbaji ni kipande kidogo mno kuhukumia modeli ya mashimo ya mita 40. Robo mwaka inaanza kusema kitu, mwaka unasema zaidi.

Kwa meneja, mpelekee zile paneli mbili. Mwonyeshe tani 21,600 za gramu 1.20 upande mmoja na tani 16,650 za gramu 1.81 upande wa pili, zikitoka kwenye ardhi ile ile, na umwambie kwamba kinu kinachopangiwa tani za kwanza kitakosa chakula hata kama dhahabu imezidi. Hilo litamgusa haraka kuliko neno variogramu.

Na kwenye ripoti, kama mnatoa taarifa kwa kanuni za JORC (kanuni za Australasia za kuripoti rasilimali za madini), toleo la 2012 lina jedwali linalotaka useme saizi ya bloki ukilinganisha na umbali wa wastani wa sampuli, pamoja na dhana zote ulizotumia kuhusu kipande cha uchimbaji. Andika hapo bila kuficha: mashimo mita 40, kipande mita 10, mtawanyiko wa bloki umepatikana kwa variogramu ipi na ya masafa mafupi imetoka wapi, athari ya taarifa imeingizwa au haikuingizwa, na jaribio la eneo lililochimbwa lilionyesha nini kwa kila ukomo.